Ziwa la Chaki

Jumatatu tulisukuma madawati ukutani,
nikachora Ziwa sakafuni kwa chaki nne,
kuanzia Kayenze hadi Kome.
Ukerewe ikawa kifutio,
Ukara, ndala ya Lugwisha iliyokatika kamba.
Kitabu kina ukurasa mmoja
juu ya rasilimali zetu na matumizi yake.
Tuliusoma kwa sauti mwaka jana,
wakafaulu wote, wakasahau wote.

Samaki walikuwa vizibo, mia mbili na kumi.
Minza aliviokota nyuma ya baa ya shangazi yake,
na ziwa letu likanuka bia.
Kanuni: kila msimu mtavua mnavyotaka;
kila viwili vitakavyobaki vitazaa kimoja.
Mitumbwi sita. Wachuuzi wanane.
Mwenye kiwanda mmoja,
aliyekalia kiti changu bila kuambiwa.
Na afisa wa doria, kwa kura.

Kura ikamwangukia Magesa.

Darasa lilijua. Nami nilijua,
mkono wangu ulishafika nusu ya njia
kuirudisha ile karatasi.
Mwaka juzi, hapo mwaloni Igombe,
nyavu za baba yake zilirundikwa, zikamwagiwa petroli,
na moshi wake tuliuvuta humu humu
tukiwa kwenye hesabu za sehemu.
Akavaa kofia ya gazeti. Akainyoosha.

Msimu wa kwanza kila mtu alikuwa mstaarabu.
Wa pili, Nyanjige akavua sweta,
akalikokota sakafuni toka ufuko hadi ufuko,
kokoro!
likazoa hata vizibo vilivyopondeka,
na mwenye kiwanda akasimama kushangilia.

Magesa alitembea juu ya maji, taratibu.
Akainama, akapima jicho la sweta kwa kidole gumba.
Tukamngoja aseme "choma".
Akasema, "Mna watoto wangapi nyumbani?"
Nyanjige, ambaye hucheka hata misibani,
hakucheka. "Watano. Na mkopo wa injini."
"Wavu huu alikuuzia nani?"

Swali hilo halikuwa kwenye kanuni zangu.
Shingo zikageuka, moja moja,
kuelekea kiti changu na aliyekikalia.

Kelele zilipolipuka mwalimu mkuu akaja dirishani.
Rushwa hiyo! Si rushwa, ni huruma!
Sheria ni sheria!
Sheria ya nani, mbona duka la nyavu halichomwi?
Lugwisha alidai ndala yake, hakuna aliyemsikia.
Msimu wa tatu tulivua vizibo kumi na kimoja.
Wa nne, vumbi la chaki.

Nikawapa siku tatu na daftari:
nendeni mwaloni, hesabuni, ulizeni,
msibishane na mtu mwenye panga la samaki.
Walirudi na wanawake sitini na wawili waanika dagaa,
na kati yao, wenye mtumbwi: wawili.
Nilidhani wamekosea. Walikuwa wamehesabu mara mbili,
mara ya pili kwa hasira.
Limi alichora macho ya nyavu kwa kipimo halisi,
ukurasa umeganda magamba,
nami nikampa alama kabla sijausoma.

Alhamisi jioni baba yake Magesa alisimama mlangoni,
mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.
Nilishaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.
"Mwanangu kaniuliza," alisema,
"nyavu zangu zilikuwa na macho ya inchi ngapi.
Nikamjibu. Kweli kabisa, nikamjibu.
Swali hilo sijawahi kuulizwa
na mtu asiyeshika kiberiti."

Kisha akaangalia sakafu.
Ziwa lilikuwa bado pale, limefifia upande wa Kome;
watoto wa zamu walikuwa wakifagia kulizunguka.
Aliitafuta Igombe, akaiona
chini ya mguu wa dawati.
Akaliinua dawati lile peke yake,
akalisogeza kidogo,
akalitua nchi kavu.